Mume wa Kwanza wa Bibi

Watu wengine wakitaka kujua ukoo wao huanza kwa kuuliza maswali. Yeye alianza kwa kununua fremu.

Ilikuwa fremu kubwa kama mlango wa stoo, kingo zake za dhahabu zimechongwa maua, na siku ilipofika nyumbani kulikuwa na hekaheka. Saa ya ukutani iliteremshwa, picha ya harusi ikahamishiwa chumbani, meza ya chakula ikasogezwa mpaka ikaziba njia ya jikoni, yote hayo ili fremu ipate ukuta wenye heshima. Mkewe, mkunga wa miaka mingi, alisimama na kitambaa cha vyombo begani akautazama ule uwazi mweupe uliozungukwa na dhahabu.

"Sasa hapo ataingia nani?" akauliza.

"Ukoo," mumewe akajibu.

"Upi?"

Swali hilo hakulijibu, kwa sababu ndilo lililomfanya anunue fremu.

Bwana huyu alikuwa afisa itifaki katika ukumbi wa halmashauri. Kazi yake, tuiseme bila kumwonea, ilikuwa viti. Sherehe ikiwapo, yeye ndiye aliyejua nani akae mbele na nani nyuma, kiti kipi kiwe na mto na kipi kiwe cha plastiki, nani aingie watu wakiwa wamesimama na nani apenyezwe mlango wa pembeni. Mbele yake watu walimwita Bwana Itifaki. Nyuma yake walimwita Bwana Viti. Majina yote mawili aliyajua, na hilo la pili lilimuuma kwa sababu halikuwa uongo. Kazi ilikuwa imemwingia mwilini. Hata nyumbani, mgeni hajamaliza kupiga hodi, yeye alishampima kuanzia viatu na kuamua kama ni mtu wa sofa au mtu wa stuli.

Basi siku moja, kabla fremu haijanunuliwa, binti yake, mfamasia, akaja na habari kwamba kuna kijana anataka kuleta wazee wake kuposa. Kijana ni fundi wa lifti. Mama yake ni dobi, anafua na kupiga pasi kwenye kibanda cha mabati kule mtaa wa bondeni, ambako bomba likifunguliwa hukohoa kwanza ndipo litoe maji. Baba yake aliondoka zamani, na hakuna aliyejua alikoishia. Bwana Itifaki alisikiliza yote, akalikunja gazeti lake mara nne.

"Ukoo wake ni upi?"

"Ni mtoto wa mama yake," binti akasema.

"Hilo si jibu. Sisi hatuozi kwa watu wasio na mbele wala nyuma."

"Na sisi, baba? Nyuma yetu kuna nani?"

Bwana Itifaki akafungua mdomo. Akamkumbuka baba yake, karani, marehemu, mtu wa tai moja na viatu vilivyong'aa. Nyuma ya baba yake akamwona babu, lakini kwa mbali mno: harufu ya udongo mbichi, na sululu imeegemezwa nyuma ya mlango. Alikuwapo pia bibi, aliyemlea miaka yake ya mwanzo hukohuko bondeni, kabla baba yake hajahamishiwa mjini juu. Habari hiyo ya bondeni hakuwa akipenda kuitaja. Akaufunga mdomo.

"Utaona," akasema. "Hao wazee wakija, wataukuta ukoo wetu ukutani. Kisha nao watoe wa kwao. Asiye na ukoo wa kuonyesha hana binti hapa."

Binti alimjua baba yake, kwamba neno likishamtoka halirudi hata kama limemkaa vibaya. Kutoroka na kijana angeweza, ana kazi yake na mshahara wake, lakini hakutaka. Alimpenda fundi wake na alimpenda huyu mzee mwenye majivuno, na alitaka awapate wote wawili kwa siku moja, ndani ya chumba kimoja. Kwa hiyo akabaki akisubiri ukuta.

Kilichofuata fremu ni mchora mabango. Huyu ndiye aliyechora ng'ombe anayecheka kwenye mlango wa bucha, na ng'ombe yule alimfurahisha sana Bwana Itifaki. Mchoraji akachora mti mzuri, shina nene, matawi, na mizizi iliyotapakaa mpaka chini ya fremu, kila mzizi na kisanduku chake cha kuandikia jina. Alipomaliza akachovya brashi kwenye rangi ya dhahabu.

"Haya mzee. Kwenye shina nimwandike nani?"

"Mimi."

Mchoraji akageuka kumtazama. "Wewe? Nilidhani shina huwa ni yule wa zamani kabisa."

"Wa zamani watakaa kwenye mizizi. Andika."

"Naandika. Ila nikuambie mapema, hii ni rangi ya mabango ya nje. Haitoki kwa mvua wala kwa mafuta ya taa. Uwe na uhakika na unachoniambia."

"Mimi siku zote nina uhakika," akasema Bwana Itifaki, na hilo lilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyokuwa shida yake tangu utotoni.

Shina likapata jina, matawi yakapata watoto, mzizi wa kwanza ukapata karani. Baada ya hapo brashi ikabaki hewani. Mchoraji akaambiwa aende, ataitwa tena.

Ndipo Bwana Itifaki akaanza kufanya kile ambacho wenzake hukifanya kwanza. Akaenda kuuliza. Na wa kumuuliza, upande wa babu, alibaki mmoja tu, baba yake mdogo, mtoto wa mdogo wake babu. Huyu baba mdogo alikuwa kinyozi, na zaidi ya hapo alikuwa mdogo kwa umri kuliko Bwana Itifaki, jambo ambalo lilimkera mwaka hadi mwaka. Hebu fikiria, mtu na mvi zake, na suti yake, anaingia kibanda cha kinyozi sokoni, anamkuta kijana aliyevaa kandambili, na inambidi aseme shikamoo. Aliisema kwa kukohoa, nusu ikatoka na nusu ikabaki kooni.

"Marahaba, mwanangu," kinyozi akaitikia kwa sauti ya kusikika mpaka genge la pili, maana raha ya mwaka mzima ilikuwa hiyo. "Kaa hapo, baba akumalizie huyu mteja."

Akakaa. Alipopata zamu yake akauliza habari za babu, kwa maneno makubwamakubwa, asili na chimbuko na nasaba. Kinyozi akazima mashine ili asikie vizuri.

"Unamaanisha alikuwa akifanya nini? Si alichimba vyoo."

Mteja aliyekuwa kwenye benchi akainua gazeti likamfunika uso.

"Visima," akasema Bwana Itifaki kwa upole.

"Vyoo. Bondeni kote kule, kila choo unachokiona alikichimba yeye na baba yangu. Na havikutitia hata kimoja, mwanangu. Wenzao walichimba, mvua ikija mtu anazama na kopo lake. Vya babu yako mpaka leo vimesimama."

"Na kabla ya hapo? Bibi hakuwa na... hakuolewa na mtu mwingine kabla?"

Kinyozi akaguna. "Hayo ya kina mama mimi siyajui. Muulize Bibi Mdogo, yule ndugu yake bibi. Bado yuko palepale, na ulimi wake bado una makali."

Sasa hapa ndipo panapohitaji kueleweka vizuri jinsi akili ya Bwana Itifaki ilivyofanya kazi. Mtu mwingine angetoka pale akijua kuwa babu yake alikuwa fundi hodari, akatafuta jina lake, akaliandika, yakaisha. Yeye alitoka pale akitafuta babu mwingine.

Alimkuta Bibi Mdogo barazani kwake bondeni, anachambua mchele kwenye ungo. Bwana Itifaki alitoa kitambaa, akafuta stuli, akakaa na kuvuta suruali magotini ili isije ikaharibika mkunjo. Bibi Mdogo aliitazama kazi yote hiyo mpaka mwisho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kukuona tu."

"Binti yako huja kuniona. Huniletea dawa zangu za presha, hukaa, hunywa maji. Wewe umekuja kutaka kitu. Sema."

Akasema. Kwamba anaandika ukoo. Kwamba habari za mchimba vyoo amezisikia na zimetosha. Kwamba anataka kujua, katika maisha ya bibi yake, hakukuwa na mtu mwingine kweli? Mtu wa maana?

Bibi Mdogo akaacha ungo. Akamtazama mjukuu wake muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu usoni mwake na kukipata mahali alipokiacha.

"Wa maana," akasema. "Alikuwapo. Mume wake wa kwanza. Bwana Mkubwa."

"Bwana Mkubwa?"

"Ndivyo dada alivyomwita. Sote tulimwita hivyo."

Bwana Itifaki akaisogeza stuli karibu. "Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza. Na nilidhani unamjua."

"Alikuwaje, Bibi?"

"Ah, yule." Bibi Mdogo akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo. "Yule hakuwa mtu wa kukaa chini. Mkeka wake ni kiti, tena kiti kimoja kilekile, na akikuta mtu amekikalia nyumba haikaliki. Nguo zake nyeupe. Dada alizifua, akazipiga pasi, akazikagua kama doa limebaki, maana yeye doa hakulitaka. Siku anaondoka mtaa mzima ulitoka, na gari zima likasimama barabarani likimngoja yeye."

"Gari zima?"

"Na honi inapigwa. Watu wamekaa ndani, wanamngoja Bwana Mkubwa."

"Alikwenda wapi?"

"Alikwenda kwenye ukubwa wake. Alimwahidi dada atarudi kumchukua. Basi dada akakaa kumngoja." Bibi Mdogo akauchukua tena ungo. "Wa pili ndiye aliyemfaa. Mtu wa mikono yake, hana makuu. Huyo alikuwa naye mpaka mwisho."

Mtu wa mikono, hana makuu. Bwana Itifaki akaiona sululu ile nyuma ya mlango, akatikisa kichwa kwa kuelewa. Hakuuliza ni mpaka mwisho wa nani. Alikuwa na swali moja tu lililomkaba, akaliuliza akiwa ameshasimama, mkono kwenye pua yake.

"Bibi, hebu niambie ukweli. Mimi nimefanana naye, huyo Bwana Mkubwa?"

Bibi Mdogo akamwangalia kuanzia viatu mpaka kipara.

"Kama ulivyo," akasema. "Hata kukaa."

Alirudi nyumbani akiendesha gari kwa mkono mmoja. Alimkuta mkewe jikoni anamenya vitunguu, akammwagia yote bila kuvua koti: mavazi meupe, gari la kumngoja, ukubwa. Yaani baba yake karani bila shaka alikuwa damu ya yule wa kwanza, na yule mchimba alikuja kulea tu. Na mtu mwenye mavazi meupe na gari, zama zile, atakuwa nani kama si afisa wa serikali?

Mkewe aliacha kumenya. "Bibi Mdogo amesema mume wa kwanza," akarudia polepole. "Hakai chini. Na wewe umefanana naye."

"Kama nilivyo. Ndivyo alivyosema."

Mkunga yule alikuwa amewapokea wanadamu wengi, na wote, aliwahi kusema, waliingia kwa mlango mmoja na hakuna aliyekuja na kiti chake. Akainamia sinia. Mabega yalikuwa yakimtikisika, lakini vitunguu ni vitunguu, machozi yake hayashangazi mtu.

"Muite mchoraji," akasema. "Na aandike kwa herufi kubwa."

Mchoraji akaitwa. Katika mzizi mnene kuliko yote, chini kidogo ya shina, pakaandikwa kwa dhahabu: BWANA MKUBWA, AFISA WA SERIKALI, MUME WA KWANZA WA BIBI. Mchimba vyoo akapewa kamzizi kembamba pembeni, na kwa huruma akapandishwa cheo kuwa mchimba visima. Jina la bibi likaandikwa katikati yao, na chini yake, kama ilivyokuwa kwa wote, mahali pa kuzaliwa na mahali pa kuzikwa.

"Bibi amezikwa wapi?" mchoraji akauliza.

Bwana Itifaki akaangalia dari. Wiki ya mazishi yale kulikuwa na mgeni rasmi ukumbini na viti vilikuwa havijafika, kwa hiyo alimtuma dereva na rambirambi.

"Hapo acha nafasi," akasema.

Wazee wakaja Jumapili. Bwana Itifaki alikuwa amepanga viti tangu asubuhi. Yeye na kiti chake cha mikono, chini ya fremu. Kulia kwake, kwenye sofa, Bibi Mdogo, aliyefuatwa na gari kama shahidi wa mahakamani. Kinyozi akawekwa mahali ambapo nguzo ilimficha nusu. Upande wa wageni, mjomba wa kijana, seremala mwenye maneno machache, alipewa kiti cha plastiki, na kijana kingine pembeni yake. Mama yake, dobi, alipewa stuli karibu na mlango. Aliketi bila kinyongo, mikono imetulia mapajani, mikono mipana iliyochujuka kwa sabuni. Shati la mwanawe lilikuwa limenyooshwa likanyooka hivi kwamba kijana alikuwa akiinama kwa uangalifu.

Mjomba akasafisha koo aseme kilichowaleta. Bwana Itifaki akainua kiganja.

"Samahani. Kabla hatujafika huko, ni vizuri watu wakajuana." Akachukua fimbo nyembamba ya kuelekezea, ambayo, ndiyo, aliinunua pamoja na fremu. "Sisi si watu wa kuokotwa. Ukoo wetu ndio huo, mnauona. Nitausoma, kisha nanyi mtatusomea wenu."

Dobi akamtazama mwanawe. Binti alikuwa mlangoni mwa jikoni na trei ya glasi mikononi, akasahau kuzigawa.

Bwana Itifaki akasoma. Akaanza na yeye mwenyewe, akakaa hapo muda. Akashuka kwa karani. Akashuka tena, sauti ikapanda, akagonga mzizi ule mnene kwa fimbo. "Na huyu hapa, Bwana Mkubwa, afisa wa serikali, mume wa kwanza wa bibi yangu. Mtu aliyesimamishiwa gari zima. Mtu ambaye, kwa ushahidi wa bibi aliyekaa hapa, hakupata kukaa chini maisha yake yote."

Kicheko kilianzia mabegani mwa Bibi Mdogo. Kikamshuka tumboni, kikarudi juu, mwishowe kikamtoka mdomoni na akashindwa kukizuia hata kwa ncha ya mtandio.

"Bibi, kuna tatizo?"

"Soma tena hapo."

Akasoma tena, afisa wa serikali na yote.

"Mjukuu wangu," akasema Bibi Mdogo akijifuta macho, "huyo ni wewe."

Fimbo ilibaki ukutani.

"Wewe si ulilelewa na dada? Mtoto wa kiume wa mwanawe, wa kwanza, na wa pekee. Bibi humwitaje mjukuu wake wa kiume?"

"Mume wangu," akajibu kinyozi kutoka nyuma ya nguzo. "Mimi wangu aliniita mume wangu mpaka nikaota ndevu."

"Haya. Ukikalishwa mkekani ulilia mpaka ukapewa kiti cha dada. Nguo nyeupe ni mashati yako ya shule. Na gari lililokungoja siku baba yako anakuhamisha, ulikuwa chooni. Tumbo lilikushika kwa woga wa safari. Abiria wote wamekaa, honi inalia, na wewe umechuchumaa kwenye shimo alilolichimba babu yako, unapiga kelele usiachwe."

Seremala akainua macho akaanza kuchunguza dari kwa jicho la kazi. Mkunga, kule jikoni, alikuwa amejifunika uso na kile kitambaa cha vyombo. Juu ya yote, kwa dhahabu, kila mwenye kusoma alikuwa akisoma kwamba Bwana Itifaki alimuoa bibi yake mwenyewe na kujizaa kwa mkono wa karani.

"Na wa pili?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuokoa hata nusu ya ukuta. "Ulisema kuna wa pili. Huyo si babu?"

Kicheko kilikuwa kimemwisha Bibi Mdogo. Akanyoosha kidevu kuelekea kwa kijana wa lifti.

"Wa pili huyo hapo. Ulipoacha kuja, dada alibaki na kiti kitupu. Huyu mama alikuwa jirani, akamfulia mashuka yake alipoanza kuugua, na mtoto akawa anakuja naye. Akamchotea maji. Akamtengenezea redio. Akamshika mkono kumpeleka bafuni, macho yalipokwisha. Dada akasema, basi, nimepata mume wa pili, huyu hana makuu. Lakini kile kiti hakumpa. Gari likisimama tu barabarani alisema, mpisheni, mume wangu akija atataka kiti chake." Akaukunja mtandio mapajani. "Tukamzika. Wa kwanza akatuma dereva."

Bwana Itifaki aliona aibu. Siyo ile ya kukosea jina la mgeni rasmi, ambayo mtu huimaliza kwa kucheka. Nyuma ya hii kikaja kitu ambacho hakukiita: harufu ya pasi ya mkaa, na kiganja kikavu kikimfuta uso, na sauti ikisema simama wima mume wangu, tukuone. Alikuwa ameitafuta damu ya Bwana Mkubwa mtaa mzima. Mtu pekee aliyewahi kumpa cheo hicho ni mwanamke aliyemwacha akingoja.

Akageuka, akauona ule mpango wake wa viti. Akashika kiti chake cha mikono, akakiburura mpaka mlangoni, mbele ya stuli.

"Mama, tafadhali. Kaa hapa."

"Hapa pananitosha," dobi akasema kwa adabu, wala hakuinuka. "Mimi nimekuja kusikia jibu."

Kumbe hata hilo alikuwa hajalitoa. Akamtazama binti yake, na trei yake, na glasi ambazo hazijagawiwa.

"Binti ni wenu," akasema. "Kama mtatukubali na huo ukuta."

Ukuta uko palepale hadi leo. Mchoraji aliitwa na mafuta ya taa na msasa, akasugua mpaka jasho likamtoka, akasema nilikuambia, akaenda zake. Mgeni akiuliza imekuwaje mtu mmoja akawa mjukuu na babu, mkunga hueleza, wala hachoki kueleza.

Lakini jioni ileile, wageni walipokuwa wakiaga, kijana alibaki amesimama mbele ya fremu. Alikuwa anaangalia ile nafasi tupu chini ya jina la bibi.

"Hapa pa kuzikwa hamkuandika," akasema.

"Sijui alikozikwa," akasema Bwana Itifaki. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa nyumba ile kusikia neno sijui kinywani mwake.

"Mimi napajua. Nitakupeleka, baba."

Neno hilo la baba hakuna aliyekuwa amempa ruhusa ya kulitumia, na Bwana Itifaki hakulisahihisha. Wakashuka bondeni wakiwa wawili, jua bado lipo. Makaburi yalikuwa nyuma ya nyumba za mwisho, kwenye mteremko, nyasi zimefyekwa vizuri kwenye kaburi moja tu. Kijana akalionyesha, kisha akarudi nyuma akasimama mbali kidogo, akajifanya anaangalia nguzo za umeme.

Bwana Itifaki akasimama na suti yake. Akatazama kulia na kushoto, kwa mazoea. Hapakuwa na kiti. Akakaa chini.